Sanamu za chini ya bahari, matumbawe, na mawe yetu ya Mwanza

Katika makundi ya vijana wa utalii hapa Mwanza kuna picha moja isiyokosa kurudi kila baada ya muda. Ni duara la watoto wa saruji walioshikana mikono, wamesimama kwenye mchanga chini ya bahari, na samaki wanapita juu ya vichwa vyao. Picha hiyo ni ya Grenada, kisiwa cha Karibiani, na kila inaporudi hufuatwa na swali lilelile: kwa nini na sisi, wenye ziwa kubwa kuliko yote Afrika, tusizamishe sanamu zetu karibu na kisiwa chetu cha Saanane, mpiga ngoma wa Kisukuma na sangara mkubwa wa saruji, watalii waje kuzitazama? Kwa muda mrefu nimekuwa nikijibu kwa sentensi moja, na sentensi moja haitoshi, kwa sababu anayeuliza hivyo anapaswa kwanza kujua sanamu hizo zimeyafanyia nini matumbawe huko zilipo, ndipo tuzungumze habari za ziwa.

Mchongaji aliyezipa umaarufu ni Jason deCaires Taylor, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1974, ambaye mwaka 2006 alifungua bustani ya sanamu katika ghuba ya Molinere, Grenada, miaka miwili baada ya kimbunga Ivan kukivuruga kisiwa hicho. Hakuwa wa kwanza kuzamisha sanamu. Waitalia waliweka sanamu ya Kristo aliyeinua mikono chini ya maji ya San Fruttuoso mwaka 1954, lakini ile ilikuwa ya ibada na kumbukumbu, na hakuna aliyeitarajia iote chochote. Jipya alilolileta Taylor ni dai kwamba sanamu inaweza kuwa makazi ya viumbe, na zaidi ya hapo, kwamba inaweza kuwaondoa watalii mahali wanapoharibu.

Dai hili la pili ndilo lililojenga jumba la makumbusho la chini ya bahari la Cancún na Isla Mujeres, nchini Meksiko, ambalo Taylor alilianzisha mwaka 2009 pamoja na Jaime González Cano, aliyekuwa mkuu wa hifadhi ya bahari ya eneo hilo. Hifadhi hiyo ilikuwa ikipokea wageni wapatao 750,000 kwa mwaka, na miamba michache iliyo karibu na hoteli ilikuwa imechoka. Wazo lilikuwa rahisi kulieleza ingawa halikuwa rahisi kulitekeleza: wape wageni kitu kingine cha kutazama, kwenye mchanga mtupu ambako hakuna cha kuvunja, ili mwamba ulio hai upate kupumua. Leo sanamu zilizoko huko ni takribani 500.

Msomaji wa huku bara, ambaye hajawahi kuuona mwamba wa matumbawe kwa macho yake, anaweza kushangaa kwamba kuogelea tu kunachosha mwamba. Tumbawe lina ugumu wa jiwe, lakini ugumu huo ni nyumba. Mwenye nyumba ni mnyama mdogo laini, mwenye mdomo uliozungukwa na minyiri, na ndani ya nyama yake mmefichwa mwani wa chembe moja moja unaomtengenezea sehemu kubwa ya chakula chake kwa mwanga wa jua. Wanyama hawa huishi kwa maelfu wakiwa wameshikamana, na ngozi inayowafunika wote ni nyembamba mno. Kidole kinachoigusa huikwangua. Pezi la mpira la mzamiaji asiyejua kujiweka sawa majini huvunja matawi kwa teke moja, na hata asipovunja kitu hutimua mchanga unaowaziba wanyama hao pumzi na mwanga. Nanga ya boti moja huburuza na kung'oa kilichochukua miongo kuota, maana matumbawe ya mviringo hukua kwa milimita chache hadi sentimita moja au mbili kwa mwaka, na hata yale ya matawi, yenye haraka kuliko yote, hufikia sentimita 10 hivi. Watafiti waliochunguza kisiwa cha Bonaire mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikadiria kuwa eneo moja la kuzamia huanza kuonyesha madhara likipokea wazamiaji kati ya 4,000 na 6,000 kwa mwaka. Yapo pia mafuta ya kujikinga na jua, ambayo Hawaii iliyaona kuwa tatizo kiasi cha kutunga sheria mwaka 2018, iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2021, ya kuzuia uuzaji wa yale yenye oksibenzoni na oktinoksati.

Sasa sanamu zenyewe. Fundi yeyote wa Nyakato aliyewahi kukoroga saruji mbichi bila glavu anaujua ukali wake kwenye vidole. Ukali huohuo huwafukuza viumbe wachanga wa baharini, na ndiyo maana Taylor hutumia saruji maalumu ya baharini ambayo ukali wake umepunguzwa. Uso wa sanamu huachwa na mikwaruzo ili mabuu wa matumbawe wapate pa kujishikiza, na mashimo hutengenezwa kwa makusudi ili kamba na pweza wapate maficho. Wakati nao huchaguliwa: aina nyingi za matumbawe humwaga mayai na mbegu kwa pamoja katika usiku wa siku chache baada ya mbalamwezi kubwa ya msimu fulani, kwa hiyo sanamu inayoshushwa kabla ya msimu huo ina nafasi nzuri zaidi ya kupata wageni wa kudumu. Mwanzo huja utando wa vijidudu, kisha mwani, kisha sifongo, na matumbawe huchelewa kuliko wote. Nyuso za watu walioigwa hupotea kidogo kidogo, pua ikageuka kichaka na macho yakazibwa. Nakiri kwamba picha za hatua hii hunivutia kuliko zile za sanamu mpya, zinazofanana mno na waombolezaji waliosahauliwa.

Lakini mwani ukitangulia, si lazima umpishe tumbawe. Katika Karibiani, ugonjwa wa miaka ya 1983 na 1984 uliangamiza karibu wote wale viumbe wa duara wenye miiba mirefu ambao waogeleaji huogopa kuwakanyaga, na hao ndio waliokuwa wakiukwangua mwani kutoka kwenye miamba. Samaki aina ya pono, ambao nao hula mwani, wamevuliwa kupita kiasi sehemu nyingi. Ongeza maji machafu ya miji na hoteli, ambayo ni mbolea, na utaelewa kwa nini sanamu iliyotarajiwa kuvaa matumbawe huweza kukaa miaka imejifunika blanketi la mwani. Saruji haiwezi kuyashinda maji iliyowekwa ndani yake. Mahali ambapo mwamba wa asili unakufa kwa uchafu, mwamba wa kuchongwa hautapona kwa sababu tu umechongwa vizuri.

Kuna hoja ya samaki pia, na hapa watu wa ziwani tuna cha kuwaambia watu wa bahari. Wapigadebe wa miamba bandia huonyesha video za samaki waliojaa kuizunguka sanamu mpya na kusema kwamba samaki wameongezeka. Wataalamu wa uvuvi wamebishana kwa miongo kadhaa kama samaki hao wamezalishwa na mwamba bandia au wameitwa tu kutoka kwingine. Mvuvi wa dagaa wa hapa kwetu hahitaji kuelezwa tofauti hiyo, kwa kuwa kila usiku wa giza huwasha taa, dagaa wakajaa chini ya mtumbwi wake, na hajawahi kudai kwamba taa ndiyo iliyowazaa. Sanamu iliyo katika eneo lisiloruhusiwa kuvuliwa inaweza kweli kuwa mahali pa kuzaliana na kukua. Iliyo mahali pasipo na ulinzi ni mtego, na mtego mzuri, kwa sababu kila mwenye nyavu anajua ulipo.

Kwa hiyo mimi naamini kuwa faida ya kweli ya sanamu hizi, pale ilipopatikana, ni ile ya kuhamisha miguu ya watalii, na faida hiyo inategemea kitu ambacho mchongaji hana mamlaka nacho. Mwenye boti akiwapeleka wageni kwenye sanamu asubuhi na kwenye mwamba hai mchana, mwamba haujapunguziwa hata mgeni mmoja. Tangazo la sanamu likileta watu wapya ambao wasingekuja kabisa, na nusu yao wakataka pia kuona matumbawe, mzigo umeongezeka. Hesabu inakubali tu pale hifadhi inapofunga baadhi ya miamba, inapoweka kikomo cha tiketi kwa mingine, na inapokuwa na mlinzi wa kumwambia mwenye boti kwamba leo hapa haiwezekani. Na mlinzi wa namna hiyo akipatikana, nusu ya kazi ya sanamu imeshafanyika bila sanamu. Mfano uko karibu. Mwamba wa kisiwa cha Chumbe, kusini mwa mji wa Zanzibar, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Wageni hawazamii kwa mitungi, huelea juu kwa miwani na mrija wakiongozwa na walinzi, ambao baadhi yao walikuwa wavuvi wa palepale, na aina zipatazo 200 za matumbawe magumu zimehesabiwa katika eneo hilo dogo. Hakuna sanamu hata moja iliyohitajika.

Historia ya kutupa vitu baharini kwa jina la mwamba ina sura zake za aibu. Huko Florida, mwanzoni mwa miaka ya 1970, matairi yapatayo milioni 2 yalizamishwa karibu na Fort Lauderdale kwa matumaini kwamba yangegeuka makazi ya samaki. Vifungo vyake vilikatika, matairi yakaanza kutembea na mawimbi, yakagonga matumbawe ya asili yaliyokuwa jirani, na kazi ya kuyatoa imeendelea kwa miaka mingi. Huku Afrika Mashariki Wakenya walifanya jambo la busara zaidi walipoizamisha meli ya MV Dania karibu na Mombasa mwaka 2002 baada ya kuisafisha, na wazamiaji huitembelea hadi leo. Suala la imani nalo si la kupuuzwa kwenye pwani ya Waislamu: mwaka 2018 serikali ya Maldivi iliamuru sanamu za Taylor zenye maumbo ya binadamu zivunjwe, miezi michache tu baada ya kuzinduliwa katika hoteli moja ya kifahari, kwa maelezo kwamba zinakwenda kinyume na Uislamu. Anayeota ndoto ya kupanda sanamu za watu Mafia au Pemba afikirie hilo kabla ya kununua saruji.

Mradi unaonivutia kuliko yote ni mdogo na hauna hoteli ya kifahari nyuma yake. Huko Talamone, pwani ya Toscana nchini Italia, mvuvi aitwaye Paolo Fanciulli alichoshwa na meli zilizokuwa zikikokota nyavu kwenye sakafu ya bahari usiku, karibu na ufuko, kinyume cha sheria, ziking'oa nyasi za baharini ambamo samaki huzalia. Aliomba marumaru kwenye machimbo ya Carrara, nchini humohumo, akapewa vitalu vizito, wachongaji wakavitia nyuso, na kuanzia mwaka 2015 vikaanza kushushwa baharini. Nyavu za kukokota zikivikuta hunasa na kuchanika. Hapa sanamu haisubiri kuota tumbawe ili ihesabiwe kuwa imefaulu, kwa sababu kazi yake ni uzito wake na ncha zake, na mtalii akija kuitazama hiyo ni ziada.

Niliposimulia habari hiyo kwa wavuvi kwenye mwalo mmoja wa Luchelele walicheka, kwa sababu kwao haikuwa habari mpya. Mwenye kokoro halipitishi penye mawe. Kokoro ni wavu wa kukokota hadi ufukoni, umepigwa marufuku na bado upo, na adui wake mkubwa kuliko doria ni jabali lililozama nusu, ambalo huushika wavu na kuuchana. Ghuba ya Mwanza imejaa majabali ya namna hiyo, ndugu zake Bismarck, lile jabali tunalolipiga picha pale Kamanga, na mengi zaidi hayaonekani kabisa isipokuwa kwa nahodha anayeyajua kwa kumbukumbu.

Ziwa Victoria halina matumbawe wala haliwezi kuwa nayo, kwa kuwa ni maji baridi, yaani yasiyo na chumvi. Lakini majabali haya yanafanya kazi ambayo kule baharini hufanywa na mwamba wa matumbawe. Katika mianya yake huishi furu wa mawe, samaki wadogo wasiozidi urefu wa kiganja, ambao hawapendi kuvuka mchanga au tope kwenda jabali jingine, na kwa sababu hiyo visiwa vilivyo jirani huweza kuwa na aina tofauti. Ziwa lilikuwa na aina za furu zinazokadiriwa kufikia 500. Sangara, aliyepandikizwa miaka ya 1950, alipofumuka miaka ya 1980 aliwafuta wengi wa wale walioishi maji ya wazi na juu ya tope, lakini wale wa kwenye mawe walipata maficho, na wengi wao wangalipo. Mmoja wao alipewa jina la Mwalimu Nyerere na watafiti wa Kiholanzi mwaka 1985. Leo huitwa Pundamilia nyererei, na dume wake ana mgongo mwekundu na ubavu wa manjano. Jirani yake, Pundamilia pundamilia, dume lake ni la bluu ya kijivu. Majike ya aina hizi mbili hufanana sana na huchagua dume kwa rangi.

Na hapa ndipo ndoto ya jumba la sanamu inapokwama. Watafiti hupima uangavu wa maji kwa kushusha sahani kwa kamba na kuangalia inapotea wapi. Ndani ya ghuba yetu sahani hupotea mara nyingi kabla ya kutimia mita 1. Kwenye kisiwa cha Makobe, kuelekea maji ya wazi, huonekana hadi mita 2 hivi. Mtalii wa Cancún huiona sanamu nzima akiwa bado juu ya maji. Mtalii wetu angeshuka, kama angekubali kushuka kwenye maji yenye kichocho na mamba, angenyoosha mkono, na asiuone mkono wenyewe vizuri. Ukungu huo unatokana na udongo unaosombwa kutoka mashambani, na maji machafu ya miji yanayolisha mwani ukaigeuza rangi ya ziwa kuwa kijani, na madhara yake hayaishii kwa mtalii: mahali ambapo mwanga hauingii vizuri, jike wa furu hawezi kutofautisha nyekundu na bluu, aina mbili zikachanganyika zikawa moja. Hilo limechunguzwa hapahapa ghubani, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 1997 yakasomwa dunia nzima. Sisi wenyewe hatuna hata bango moja linalowaeleza watu.

Ipo sababu nyingine, ambayo haimo kwenye vitabu vya samaki. Nahodha mmoja mzee wa boti za Kirumba alinisikiliza nikieleza habari za Grenada, watoto wa saruji wakiwa wameshikana mikono, akatikisa kichwa. "Mwalimu," akasema, "huko chini tuna watu wetu. Wageni waoneshwe mawe ya juu." Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama karibu kabisa na Mwanza, na waliokufa wanahesabiwa kwa mamia, wengi wao wamezikwa Igoma, na wengine hawakupatikana. Mwaka 2018 MV Nyerere ilipinduka karibu na kisiwa cha Ukara na kuchukua uhai wa watu 228. Sidhani kama ipo familia ya kandokando ya ziwa hili ambayo ingelipia tiketi kutazama umbo la binadamu limesimama chini ya maji. Kijana aliyesoma utalii anaweza kuliita hilo suala la soko, lakini nahodha yule alilimaliza kwa maneno machache kuliko andiko lolote la mradi.

Nimeulizwa basi tufanye nini, na kwa kweli jibu langu ni la gharama ndogo. Hifadhi ya Taifa ya Kisiwa cha Saanane, iliyotangazwa mwaka 2013, ina kilomita za mraba 2.18 ikihesabiwa na sehemu ya maji, na maana yake ni kwamba tayari tunayo miamba iliyo chini ya ulinzi wa sheria ndani ya jiji. Nje ya hapo, kinachoniumiza ni kwamba mawe ya nchi kavu yanapasuliwa kokoto kila siku kwenye vilima vyetu, kazi ya jasho inayolisha familia nyingi ambazo siwezi kuzilaumu, na hakuna anayeuliza jabali gani liachwe. Saruji ya sanamu nayo huhitaji kokoto. Tungevunja mawe ya kilimani, tukayakoroga, tukayapa umbo la jiwe lenye mashimo, tukalizamisha kando ya mawe yaliyokuwepo tangu mwanzo, kisha tukaandika kwenye bango kwamba tunawajengea samaki makazi.

Vijana wenye picha ya Grenada nimewashauri wachore njia ya boti ya saa moja kuyazunguka majabali, kuanzia Kamanga hadi Saanane na kurudi, boti isitupe nanga juu ya mawe bali kwenye tope, na ndani yake kuwe na tangi la kioo lenye furu wachache waliovuliwa kwa kibali na kurudishwa jioni mahali walipotolewa, ili mgeni aione ile rangi nyekundu mchana kweupe badala ya kuitafuta kwenye maji ya kijani. Wawili kati yao wamelipokea wazo hilo kwa shingo upande, kwa kuwa sanamu hupigika picha vizuri zaidi. Wa tatu ameshakwenda Nyegezi kuulizia taratibu za kibali, na ameambiwa arudi na barua.